Mafundo ya Chukimarka

1

Mshipi wa babu yake Saturnina uliungua kwa dakika kumi na moja, na mie ndiye niliyeuunguza.

Sikuuchoma kwa kiberiti, mtu asinifikirie vibaya. Niliupitisha ndani ya joko, shubiri moja baada ya nyingine, nimevaa glavu za nyaya mikono yote miwili, na kila shubiri iliyoingia upande huu ilitokea upande wa pili ikiwa majivu. Ndivyo kazi yetu ya usomaji nyuzi ilivyo. Sufu huhifadhi mguso wa aliyeishika. Joto la joko huufungua mguso huo, ukapita kwenye glavu na kuingia vidoleni mwa msomaji, naye akahisi kile mwenyewe alichokihisi kwa mikono yake: baridi, uzito, kamba inayokata kiganja. Mara moja tu. Uzi uliokwisha kusomwa hausomwi tena, kwa kuwa haupo.

Saturnina Huamán alikaa mbele yangu, kofia yake magotini. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Chukimarka, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mashavu yamebabuka kwa baridi ya milima ya Peru. Mshipi ule ndio kitu pekee cha babu yake kilichokuwa kimebaki duniani. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kisha akatazama ukutani mpaka nikamaliza. Mkalimani wangu, kile kidude cha nyuma ya sikio, ndicho kilichomtafsiria maneno yangu.

Nilimweleza nilichokuwa nikikihisi. Kamba ya majani, ngumu. Jabali upande wa kushoto, na mahali pa kushikia kumi na saba, nilihesabu. Kizingiti cha chini kinachomlazimu mtu atambae. Chungu kikubwa, na udongo mbichi wa kuziba mdomo wake. Halafu vidole vikaachia kitu, na baada ya hapo ikawa hewa tu. Hapo nilijua nimehisi mzee wa watu akianguka.

Saturnina akauliza kama aliumia. Nikamwambia hakuumia, ilikuwa haraka. Hilo lilikuwa kweli, na nashukuru kwamba siku hiyo bado nilikuwa nasema kweli.

Tulikuwa tunakitafuta kipu. Asiyekijua, ni ugwe mmoja mnene, na kutoka kwenye ugwe huo zinaning'inia kamba nyembamba mia mbili na zaidi, za rangi mbalimbali, kila moja na mafundo yake. Enzi za Inka hapakuwa na kalamu wala karatasi. Watu waliandika kwa kufunga mafundo. Kipu cha Chukimarka kilifungwa na mwanamke mmoja siku maji ya chemchemi yalipogawanywa kwa koo za pale. Babu yake Saturnina alikificha miaka themanini nyuma, wapima ardhi walipokuja kuchukua kila cha kale, akafa kabla hajamwambia mtu ni wapi.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu barafu ya milimani ilikwisha kabla hata mie sijazaliwa, na ile chemchemi ndiyo maji pekee waliyobaki nayo, nyumba mia moja arubaini pamoja na wanyama na viazi vyao. Kampuni moja ya madini iliitaka. Mahakama ya Cusco ikasema: wanakijiji waonyeshe kwamba waligawiwa maji haya, la sivyo wahamishwe. Wataalamu wangeweza kusoma hesabu za mafundo, tano hapa, kumi na mbili pale, lakini tano ya nini, hakuna aliyejua. Mguso wa mfungaji ndio ungesema. Zilibaki siku tisa.

Walijadiliana siku tatu kama kisomwe kikipatikana, maana kukisoma ni kukiunguza. Eusebio, kaka yake Saturnina, alikataa mpaka mwisho. Alisema hawezi kumchoma bibi yake ili apate maji ya kunywa. Saturnina akamjibu kwamba bibi huyo alifunga mafundo ili wajukuu wanywe. Kura zikapigwa, Eusebio akashindwa, na kwa kuwa hakuna aliyezijua kamba kama yeye, alikubali kunishusha jabalini. Mtu muungwana yule, wallahi. Alikuwa anasaidia jambo asilolitaka.

2

Magala ya Inka yamejipanga kwenye jabali, ya mawe, ya mviringo, mengine hayafikiki hata na mbuzi. Tuliyatafuta siku nne kabla ya kupata lenye mahali pa kushikia kumi na saba. Videge vya kampuni, vile visivyo na rubani, vilikuwa vikitufuata tangu siku ya pili. Sheria ni kwamba anayekitia mkononi kitu cha kale wa kwanza ndiye anayekiandikisha, na kampuni ingekiandikisha na kukifungia kabatini mpaka kesi ipite.

Mlango ulikuwa mdogo, na mwembamba ni mie. Eusebio akabaki nje kwenye ukingo ameshika kamba, nami nikatambaa ndani.

Chungu kilikuwepo. Nilipovunja udongo wa mdomoni niliona rangi kwanza, nyekundu na kahawia na manjano ya nyasi kavu, kama vile zilipakwa juzi. Nililia kidogo, sioni haya. Miaka kumi na minne katika kazi hii nimeunguza kanga za marehemu, makoti ya wanajeshi, blanketi za watoto, na kitu kama kile sijawahi kukiona.

Eusebio akaita kwamba kidege kimeuona mlango. Nikausikia mlio wake nami, mwembamba, unakuja.

Nilitakiwa kukiweka kipu kifuani, ndani ya koti, nitoke. Lakini kilikuwa kimekaa kwenye hewa kavu miaka themanini, kimekauka kwa umbo la chungu. Nilipojaribu kukikunja, kamba moja ikalia na kukatika. Nikajaribu tena taratibu, ya pili ikakatika.

Sasa nisikilizeni. Mie ni mtoto wa Pemba, wa Kojani, mtoto wa msuka mikeka. Kabla sijajua kusoma nilijua kuchana ukindu. Na chane ya ukindu iliyokauka haikunjiki, huvunjika, mtoto wa miaka mitano kwetu analijua hilo. Unafanya nini? Unaitia maji. Unagida maji kinywani, unayapuliza juu yake mepesi kama umande, unaipitishia viganja, unaikanda mpaka ilegee. Nimelifanya hilo mara elfu. Mkono haukuniuliza.

Nilivua glavu. Nilichukua chupa yangu, nikagida, nikapuliza. Nikapitisha viganja vyangu vitupu juu ya kamba mia mbili za Inka, juu, chini, juu, mpaka zikalegea na kukunjika vizuri kabisa. Nikakitia kipu kifuani na kufunga koti. Ndipo nikakumbuka somo la kwanza wanalofundishwa wasomaji nyuzi, siku ya kwanza, saa ya kwanza: mkono mkavu. Maji hufungua magamba ya unywele na kuachia mguso wote uliomo, yakikauka yanafunga upya, na mguso unaobaki ni wa aliyeshika mara ya mwisho.

Mazoea yana tabu. Nilipiga magoti mle ndani ya gala, kidege kinalia mlangoni, nikajisemea kwamba labda maji hayakufika ndani, labda ya juujuu tu yamefutika. Nikatoka.

Eusebio alinivuta mpaka juu, tukakimbia hadi kwenye mapango ambako videge haviingii. Hapo akataka kukiona. Alikigusa kwa nyuma ya kidole, kama nilivyowafundisha wote, akauliza mbona kina unyevu. Nikamwambia ni umande wa ndani ya chungu. Mtu aliyezaliwa kwenye milima ile mikavu, nikamwambia umande. Alikinusa kidole chake, kisha akakifunika kipu kwa shali yake.

3

Kabla ya kwenda Cusco kipu kililazwa kanisani Chukimarka kwa siku moja ili watu wakiage. Nilikuwa nimewapa masharti: mikono mikavu, nyuma ya kidole tu, asiyekausha asiguse. Walipanga foleni kuanzia asubuhi. Kila mmoja alisugua mikono kwa majivu, akaipuliza, akamwonyesha Saturnina, ndipo akasogea. Kikongwe mmoja alikuwa analia, akaona chozi litadondoka, akarudi nyuma bila kugusa. Nilisimama pale nikitazama watu wanavyonitii.

Cusco tulifikia nyumba ya wageni karibu na mahakama. Nilijifungia chumbani mchana, nikachukua unywele mmoja uliokuwa umechomoka kwenye ugwe mkuu, nikautia jokoni. Nilikaa nimefumba macho, namwomba Mungu.

Nilihisi kisu cha kuchania. Nilihisi ukindu, ubichi wake, na dole gumba la mtu mzima limebana langu na kulisukuma mahali panapotakiwa. Lilikuwa dole la mama yangu. Mguso ni kile ambacho mkono umejifunza, na mikono yangu mama ndiye aliyeifunza. Unywele ulikwisha, na hapakuwa na kitu kingine, si mlima, si maji, si mwanamke yeyote wa kale. Nilichomoa unywele wa pili na wa tatu. Dole lilelile.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili, na yote mabaya. Ningeweza kusimama mbele ya jaji na kusema kipu kimekufa, nimekiua mwenyewe. Chukimarka ingerudi nyumbani na kipu chake kizima, bubu lakini kizima, kisha ingehamishwa kutoka kwenye maji yake. Au ningekisoma. Msomaji ni mmoja, usomaji ni mmoja, na mahakama huchukua neno lake chini ya kiapo. Ningekiunguza, nikasema kwamba nimehisi maji na mifereji na koo, na hakuna kiumbe chini ya jua ambaye angeweza kunipinga. Wangepata maji. Kipu kingekwenda kuwa majivu kwa ajili ya uongo wangu.

Na nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba maji yalikuwa yao kweli. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Lingekuwa dai la uongo ningelala.

Nilitoka kwenda kumwambia Saturnina. Nilimkuta uani, anamenya viazi vya kuchemsha, akanimegea kimoja na kunikaribisha nikae. Akaniambia tangu utoto wake bibi mfungaji ni kama mtu aliyetoka kidogo, anayengojwa. Leo ndiyo mara ya kwanza anaona kama amerudi. Akaniuliza kama mikono yangu imepumzika.

Nikifungua mdomo, uamuzi unakuwa wake. Akichagua maji, atakuwa ameshiriki uongo mahakamani, yeye ambaye hajawahi hata kumnyang'anya mtu zamu ya mfereji. Akichagua kipu, atakuwa amewahamisha watoto wa kijiji kizima kwa kosa la mgeni. Ndivyo nilivyojieleza, na ilikuwa hoja nzuri. Lakini woga nao ulikuwepo. Niliogopa uso wake ukishajua.

Nilikula kiazi, nikamwambia mikono iko sawa.

4

Waliniletea Msahafu niapie. Nilikuwa nimekwenda bila udhu makusudi, kana kwamba hilo lingenipunguzia kitu. Niliapa kusema kile tu ambacho vidole vyangu vitahisi.

Wakili wa kampuni, kijana mstaarabu, aliuliza kama kitu hiki kimewahi kulowa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nimekitoa kwenye chungu mwenyewe. Akaandika.

Kisha jaji akamgeukia Saturnina. Jaji huyo alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, na alilisema jambo hilo polepole ili lieleweke.

"Mama Huamán, ukishatoa ruhusa hakuna kurudi. Kitu hiki kitateketea hapa, mbele yako. Unaelewa?"

Saturnina akasimama. Alikuwa amevaa sketi zake zote za sherehe.

"Naelewa, mheshimiwa. Amekuja kusema. Tumruhusu aseme."

Eusebio alikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono imefumbatwa. Sikumtazama tena.

Kukisoma kulichukua saa mbili na robo. Kamba mia mbili na kumi na nne, moja baada ya moja. Sufu inapoungua inanuka nywele, na chumba kizima kilijaa harufu hiyo, watu wa Chukimarka wamesimama wote kama kwenye mazishi. Nami nilihisi nini? Nilihisi uani kwetu. Nilihisi mama akinifumua ukili niliousuka vibaya na kunirudishia mkononi nianze upya. Nilihisi homa yake ya mwisho, nilipomshika kiganja hospitalini na yeye akakibana changu mara mbili. Nilikuwa nimeisahau ile mara ya pili. Kwa saa mbili na robo nilikuwa na mama yangu, na machozi yalinitoka, na kila aliyekuwa mle akadhani ninamlilia mwingine.

Mdomo wangu ulikuwa unasema mambo mengine. Ulisema baridi ya maji kwenye kifundo cha mguu. Ulisema koo tano, na mafundo kumi na mawili ni zamu za siku kumi na mbili, na huyu ni mwanamke aliyesimama penye chemchemi akigawa. Hesabu wataalamu walikuwa nazo kwenye karatasi zao, mie niliziwekea maneno tu. Zilikubaliana vizuri mno. Nilimwona mtaalamu mmoja akifuta miwani.

Kamba ya mwisho ikaingia. Nikavua glavu. Mezani palikuwa na rundo la majivu lisilojaza hata bakuli.

Jaji alitoa hukumu baada ya chakula cha mchana. Chemchemi ni ya Chukimarka, milele.

5

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mbali, nakwambieni. Walinibeba mabegani kwenye ngazi za mahakama. Nilipewa shali, nilipewa kondoo ambaye sikuwa na pa kumpeleka. Majivu waliyatia kwenye kibuyu na Saturnina akakifunga mgongoni kwa kitambaa, kama mtoto.

Ndipo akanivuta pembeni. Alisema jambo moja limebaki, nalo hakutaka kuliuliza mbele ya jaji maana si la jaji. Kila mwaka mwezi wa nane wanasafisha mifereji, kijiji kizima na majembe, na kila kipande cha mfereji wanachomaliza wanamwita kwa sauti aliyekichimba, wanamwagia ardhi kinywaji chake. Wanawajua wote. Lakini wakifika juu, penye jicho la chemchemi, hunyamaza tu, kwa sababu aliyegawa maji hawamjui.

"Alijitaja?" akaniuliza. "Hata mara moja? Mtu akifanya kazi peke yake hujitaja."

Ningeweza kusema hapana. Lingekuwa jibu rahisi kuliko yote niliyoyatoa siku ile. Lakini alikuwa amenishika mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa vile, na vidole vyangu bado vilikuwa na joto. Nikamtajia jina la mtu pekee ambaye vilikuwa vimemhisi.

"Mize," nikasema.

Akalirudia mara tatu asilisahau. Akasema si jina analolijua katika Kikechwa, lugha yao. Nikamwambia labda ni la zamani sana. Akakubali kwa kichwa, akalia, akanibusu viganja.

Mwezi wa nane walinialika, nikaenda, sijui kwa nini nilikwenda. Nilipewa jembe. Tulipanda na mifereji tangu alfajiri mpaka jua la utosi, tukiita majina ya wachimbaji mmoja mmoja. Tulipofika penye jicho la maji Saturnina alikimimina kile kibuyu cha majivu ukingoni, akavua kofia, akaita. Watu mia tano wakaitikia, wazee kwa watoto, na milima ikalirudisha. Mise, walisema, hawana sauti ya ze yetu. Eusebio peke yake hakuita. Alisimama ng'ambo ya mfereji ananitazama, na mpaka leo hajawahi kuniuliza neno.

Mama yangu Mize binti Shaame amelala Kojani, chini ya mchanga, hakupata kuona mlima maishani mwake, na kila mwaka anamwagiwa kinywaji na watu asiowajua. Maji yanatiririka. Watoto wa Chukimarka wanakunywa, na siku nikiwaona wanakunywa sijutii. Lakini yule mwanamke aliyekaa akafunga mafundo ya kamba zile mia mbili na kumi na nne, moja moja, alikuwa na jina. Miaka mia sita lilikaa salama kwenye sufu likingoja mtu wa kulisoma, na mtu huyo nilikuwa mie. Sasa hakuna atakayemwita.